Ua zuri, kiazi chenye sumu

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe angalizo kuhusu Gloriosa superba, mmea wa tropiki unaopanda kwa kujishikiza kwa ncha za majani yake, wenye maua mekundu yaliyotiwa manjano kingoni.

Wanaousifu kwa dawa hawasemi uongo. Viazi na mbegu zake zina kolkisini, kemikali ambayo wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou waliipata mwaka 1820 katika mmea wa jamii hiyohiyo. Hospitalini hutuliza jongo: huvuruga nyuzi nyembamba ndani ya seli, na chembe nyeupe za damu hushindwa kukimbilia kiungo kilichovimba. Ila nyuzi hizohizo ndizo seli za mwili mzima huzitegemea zinapogawanyika. Ndiyo maana kipimo kinachotibu na kinachoua havipishani sana.

Kidonge cha kolkisini huandikwa miligramu 0.5 au 0.6. Kiazi cha porini nani amekipima? Kutapika na kuhara huja baada ya saa kadhaa, kisha huharibika figo na uboho. Wapo waliokufa kwa kukidhania kiazi kikuu.

Wanaouza unga wake kama “dawa ya asili isiyo na madhara” wazuiwe.

Msomaji wenu