Kabla ya kufukia mawe ya viwanja, tuulize upepo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache juu ya viwanja vinavyopimwa pembezoni mwa jiji letu la Tanga.

Binti yangu amejenga kando ya barabara kuu iendayo Segera. Hati anayo, mawe ya mipaka yapo. Lakini malori ya bandarini yanapita hatua chache kutoka dirishani, na meza ikifutwa asubuhi, adhuhuri unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Mjukuu wangu ana pumu. Akikaa kwangu Ngamiani wiki nzima kifua kinatulia. Akirudi kwao, dawa ya kupuliza haimtoki mkononi. Sisemi barabara ndiyo iliyompa ugonjwa, mimi si daktari.

Ngamiani nako tumebanana, na jikoni tunapikia mkaa. Ila barabara zetu za namba, zilizochorwa enzi za Mjerumani, zimenyooka kama uzi: upepo wa bahari ukiingia huku unatokea kule, na moshi unakwenda nao. (Kama Mjerumani aliyawaza mapafu yetu, sidhani.) Kwenye viwanja vipya kila mtu anainua ukuta mrefu, uchochoro unakuwa kama kisima, na moshi wa bodaboda ukishaingia umeingia.

Vumbi tunaloliona si ndilo baya zaidi. Baya ni lile laini, lisilozidi maikromita 2.5, jembamba kuliko unywele mara thelathini hivi. Halikwami puani, linashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo linachopendekeza cha vumbi hilo, kwa wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Moshi wa dizeli umejaa vumbi hilo, lakini unapungua upesi ukiiacha barabara: ingia ndani mita mia mbili, mia tatu, hewa ni nyingine.

Sasa kwa nini shule na zahanati ziwekwe mbele barabarani, halafu gereji zijibane katikati ya nyumba? Nimewahi kujibiwa kwamba shule lazima ifikike. Mtoto hashindwi kutembea dakika tatu. Mbele yakae maghala na gereji, ifuate mistari ya miarobaini, ndipo yaje madarasa na vyumba vya kulala. Miti hiyo tu isifunike njia nyembamba kama paa, maana hapo inafungia moshi chini.

Na kabla ya kupanga dampo au machimbo ya kokoto, mpimaji aende akakae na wavuvi wa Sahare. Watamweleza bure kusi linavuma miezi gani na kaskazi miezi gani, ajue nani atavutishwa vumbi hilo.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi tushirikishwe. Basi ramani ibandikwe ofisi ya mtaa kabla mawe hayajafukiwa. Ile ya kwa binti yangu tuliiona viwanja vikiwa vimeshauzwa.

Mstaafu,
Ngamiani, Tanga