Baridi ya Julai inakula tokeni

Mhariri,

Hii baridi ya Julai imetushika vibaya, juzi nikawasha hita ya wati 2000 jioni moja tu na tokeni za stima zikaisha mbio, kumbe hiyo kitu inakula yuniti mbili kila saa. Jirani fundi akaniambia zima kwanza uangalie mlango, na kweli chini kulikuwa na mwanya kidole kinapita, upepo unaingia tu. Nikakunja blanketi kuukuu nikaziba, nikaweka pazia nzito, sahii hita imepumzika. Sisi wa mabati bila dari ndio tunaumia, landilodi naye hasikii. Lakini jameni, msilale na jiko la makaa ndani mkiwa mmeziba kila kitu, ile hewa yake haina harufu na inaua.

Msomaji, Kayole, Nairobi