Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: tupatieni ghala moja kando ya reli

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Mbukwenyi. Ndivyo tunavyosalimiana hapa Ugogo, nami naanza hivyo kwa heshima ya ofisi yako.

Mimi ni fundi wa ala za asili. Nachonga ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi, nawamba muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, na jioni nawafundisha vijana kuzipiga. Nimeshahama mara tatu. Fremu ya mwisho, mwenyewe aliongeza kodi karibu maradufu na akataka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Sasa nachonga kibarazani kwangu, na mazoezi tunafanyia chini ya mkwaju mpaka majirani waanze kulalamikia kelele. Nao wana haki ya kulala.

Ombi langu ni moja. Kabla ghala lolote la zamani kando ya Reli ya Kati halijavunjwa, likaguliwe kwanza, na angalau moja wapewe wasanii kwa kodi wanayoimudu.

Reli hiyo ilifika Dodoma mwaka 1910, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na mji wetu umekua ukiwa umeiegemea. Tangu mwaka 2024 abiria wa Dar es Salaam wanapanda treni ya reli mpya ya kisasa, SGR, kwenye stesheni mpya. Nahofia kwamba majengo ya reli ya zamani yataanza kuonekana kama viwanja tu.

Naomba nikueleze kwa nini fundi anayatamani. Ghala la nafaka lilijengwa ili unyevu usiingie. Ngozi ya muheme ikinyonya unyevu hulegea, ndiyo maana tunaiwashia moto na kuiotesha kabla ya kupiga. Ubao wa ilimba ukipinda, sauti imeharibika na kazi ya wiki nzima imepotea. Paa la juu linaipa ngoma nafasi ya kulia. Sakafu iliyobeba magunia itabeba gogo la mchongaji bila kupasuka. Na akina mama wa muheme, walioibana ngoma kwa mapaja huku wakicheza, wanahitaji mahali pa kujipanga mstari, si chumba cha futi kumi kwa kumi. Mchoraji naye atakwambia habari za mwanga, lakini hilo namwachia mwenyewe.

Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka Ugogo huu huu. Aliipeleka ilimba mbali duniani, lakini kufundisha alifundishia Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa. Hata leo, mtoto wa Dodoma akiniuliza akasomee wapi muziki wa babu zake, namwelekeza pwani. Kule Chamwino kuna tamasha la muziki wa Kigogo na tunalishukuru sana, ila tamasha lina siku zake, na fundi anahitaji mahali pa kuamkia kila asubuhi.

Jambo hili si geni. Pale Mikocheni, Dar es Salaam, kwenye eneo la viwanda, Nafasi Art Space inawapa wachoraji na wachongaji mahali pa kufanyia kazi tangu mwaka 2008. Nairobi walifungua kituo cha sanaa cha GoDown mwaka 2003 ndani ya ghala la Industrial Area. Na sisi wenyewe tuna Kongwa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947, ukafa mwaka 1951. Majengo yake yakatumika kwa shule, na kuanzia mwaka 1964, penye stesheni ya reli iliyoachwa na mradi huo, wakapiga kambi wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia. Jengo la mradi ulioshindwa lilipata kazi kubwa kuliko ile ya mwanzo, hapa hapa mkoani kwetu.

Yapo mambo ya kuangalia. Mapaa ya zamani yapimwe asbesto kabla mtoto hajaingia humo. Jengo la mwaka 1910 au 1950 halilindwi na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 mpaka Waziri alitangaze, kwa hiyo kukaa kimya ni sawa na kuliacha livunjwe. La tatu ndilo linaloninyima usingizi: kodi. Kule SoHo, New York, wasanii waliingia kwenye viwanda vitupu, na mwaka 1971 jiji likawaruhusu rasmi kuishi humo. Mtaa ukapendeza, bei ikapanda, na wengi wao wakashindwa kubaki. Tukipewa ghala kwa maneno ya mdomo, yatatukuta hayo hayo. Tunaomba mkataba wa miaka mingi, na kiwango cha kodi kiandikwe humo.

Mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ipo, na vikundi vyetu vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kukopa kununua mbao, ngozi na rangi. Lakini mikopo hiyo haitupatii mahali pa kufanyia kazi.

Najua majengo ya reli yako chini ya Shirika la Reli, si chini yako. Ndiyo maana nimekuandikia wewe, kwa kuwa ofisi yako inaweza kuwaita Shirika la Reli, Jiji, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na sisi wasanii tukakaa meza moja. Tupangie siku, tutembee pamoja kando ya reli, tuyaangalie maghala moja moja. Nitakuja na muheme mmoja, na tukiruhusiwa kuingia tutaupiga humo ndani, usikie mwenyewe unavyolia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi wa ala za asili, Chang'ombe, Dodoma