Kiti cha 1956 na mninga wetu

Mhariri,

Mimi ni seremala wa Isevya, Tabora. Juzi mteja alinionyesha kwenye simu kiti cha kupumzikia cha Charles na Ray Eames, mume na mke wabunifu wa samani wa Marekani, akitaka nimchongee kama hicho kwa mninga. Nikamwambia, mama, ubao mzima wa mninga haupindi hivyo.

Kile ni plaiwudi. Mbao nyembamba hupakwa gundi, zikapangwa tabaka juu ya tabaka, kisha zikabanwa kwa joto kwenye kalibu hadi zishike umbo la mgongo wa mtu. Maganda yako matatu: la kichwa, la mgongo na la kukalia. Kati ya mbao na chuma kuna vipande vya mpira, ndiyo maana ukiegemea kinakufuata kidogo. Na huoni skrubu hata moja kwa nje! Wengine wasifu ngozi nyeusi ya mito yake, mimi hapo ndipo navua kofia.

Kampuni ya Herman Miller ilianza kukiuza Marekani mwaka 1956, na bado inakitengeneza. Mwanzoni walitumia rozwudi ya Brazili. Baadaye wakahamia miti mingine, umbo likabaki lilelile.

Ombi langu ni kwa vyuo vya ufundi: wafundisheni vijana kupinda plaiwudi. Mninga unazidi kupungua porini, nasi bado tunaumaliza kwa makochi ya kubebwa na wanaume wanne.

Fundi seremala,
Isevya, Tabora