Kuhusu kioo ulichokigeuza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na kuisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama pale ulipoandika kwamba umekigeuza kioo cha bafuni kikaelekea ukutani, na kwamba unaona haya kuwaza habari za sura ilhali madaktari wamekuokoa uhai. Usione haya. Aliyepasuliwa tumbo hulifunika kovu kwa shati, lakini sisi tuliopasuliwa taya na shingo kwa ajili ya saratani, kovu ndilo linalotangulia kuingia mlangoni. Wanaokuambia ushukuru kwa kuwa u mzima hawana nia mbaya, ila neno hilo humziba mgonjwa mdomo kabla hajalitoa la moyoni.

Mimi nilijitazama siku ya tisa. Muuguzi alinishauri nianze kwa kugusa, basi nikapitisha vidole kutoka nyuma ya sikio hadi chini ya kidevu, nikaikuta ngozi imekufa ganzi, kana kwamba nashika shavu la mtu mwingine. Ndipo akanipa kioo kidogo cha mkononi. Siku hiyo nilitazama sikio tu. Kesho yake nikautazama mshono. Uso mzima niliuona siku ya tatu, nikalia, naye akaniacha nilie bila kunikatiza.

Laiti ningaliambiwa mapema kwamba uso ule haukuwa wa kudumu! Uvimbe wa siku za mwanzo hupungua katika majuma yanayofuata, ingawa tezi za shingo zinazochuja majimaji ya mwili zikishaondolewa, majimaji hayo huweza kukusanyika chini ya kidevu kwa miezi kadhaa, hasa kwa anayepigwa mionzi pia. Muulize daktari wako kama yupo mtaalamu wa kuukanda uvimbe wa namna hiyo. Kovu nalo huchukua mwaka mmoja, pengine na nusu, kulainika na kufifia, na katika muda huo ulikinge na jua lisije likakolea rangi. Kile kipande cha ngozi walichokitoa mkononi mwako wakakishonea shavuni sitakudanganya: rangi yake huenda isilingane kamwe na ya ngozi inayokizunguka. Kuhusu pembe ya mdomo iliyolegea, mshipa wa fahamu ukiwa umevutwa tu bila kukatwa, nguvu huweza kurejea polepole. Wangu ulirejea nusu, na hiyo nusu nyingine nimeacha kuisubiri.

Kilichonitesa zaidi ya kioo ni macho ya watu. Kwa miezi minne nilijifunga skafu, hata ndani ya nyumba, na kadiri nilivyojificha ndivyo nilivyozidi kuiogopa siku skafu hiyo itakapoteleza. Siku moja mtoto wa dada yangu aliniuliza, "Mjomba, mbona mdomo wako umelala?" Nikamwambia daktari aliondoa ugonjwa mbaya mahali pale, akaomba aliguse kovu, akaligusa, akarudi kwenye mchezo wake. Tangu hapo nikawa na jibu moja fupi kwa kila mtu: "Nilifanyiwa upasuaji wa saratani, sasa naendelea vizuri," kisha mimi mwenyewe nabadilisha mazungumzo. (Wako watakaotaka kujua zaidi, hao nawajibu salamu tu.)

Hata hivyo, ukiona majuma yanapita huli na wenzako, hulali, wala hutaki kutoka nje, mweleze daktari kama unavyomweleza maumivu ya kidonda. Huenda ikawa ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo ina matibabu. Mimi nilichelewa kusema, nikidhani watanicheka.

Jumamosi nitakuja kukuona. Kioo cha bafuni kiache kama kilivyo. Nitakuja na cha mkononi, nasi tutaanza na sikio.

Rafiki yako akupendaye.