Kikao cha usalama wa stoo kimehamia Jumamosi

Habari za jioni wapendwa, poleni na majukumu. Kile kikao cha vitu hatarishi sio Ijumaa tena, ni Jumamosi saa 3 asubuhi palepale stoo Kizota, maana Ijumaa kuna mzigo unashushwa na sitaki mtu asikilize nusu nusu.

Tutapitia yale makundi 9 yanayotumika kwenye usafirishaji duniani, ila muda mwingi tutakaa kwenye vile tunavyoshika kila siku: mitungi ya gesi (kundi la 2), petroli na thina (la 3), dawa za wadudu zenye sumu (la 6), maji ya betri, yaani asidi (la 8). Na ile klorini ya unga jamani, watu wanaichukulia kama sabuni tu kumbe ni kundi la 5, inachochea moto na ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu, kwa hiyo kuanzia leo naombeni sana isikae rafu moja na maji ya betri hata kwa dakika moja.

1. Kila mtu aje na picha ya lebo moja kwenye simu, ile alama ya pembe nne yenye namba chini.
2. Mchango wa chai na chapati 3,000, mpeni mhazini.
3. Shifti ya usiku mje pia, saa 5 mtaruhusiwa mkalale.

Andikeni NAKUJA au SIJI hapa kabla ya Alhamisi saa 12 jioni, nijue nitenge glovu ngapi. Asanteni sana.