Makanga si askari

Mhariri,

Hii barua nilitaka niiandike juzi usiku lakini nilikua na hasira nikasema wacha zipoe kwanza. Nilipanda matatu pale Buxton saa moja jioni naenda zangu Mtwapa, nyuma kulikua na jamaa kalewa chakari, akaanza kumsumbua msichana wa shule alokaa dirishani, mara amshike bega mara amuulize jina, mtoto wa watu kajikunja mpaka basi. Mama mmoja akamwambia we baba huna haya, akatukanwa matusi ambayo gazeti lako haliwezi kuchapa. Tukamuita makanga, makanga akasema jamaa kashalipa nauli, yeye afanyeje.

Mbele tukakuta kizuizi, tukashukuru Mungu. Askari akaja akasimama dirishani kwa dereva, wakaongea yao, mama akapiga kelele afande kuna mtu huku nyuma amshikashika mtoto, afande akasema hayo ni ya nyinyi abiria malizaneni. Gari likaenda. Msichana alishuka Bamburi na sidhani kama ndio kwao.

Sasa kuna wanaosema ati polisi waongezewe nguvu juu ya abiria watukutu. Nguvu gani tena jamani? Sheria ya makosa ya kingono iko tangu 2006, ile ya tumbaku ya 2007 imekataza sigara kwenye magari ya abiria, na hata mimi raia naruhusiwa kumshika mtu anaefanya kosa la jinai lile la kukamatwa bila waranti mbele ya macho yangu, bora nimkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Na mkanda usipoufunga, ile faini ya 500 polisi waijua vizuri sana. Na mi nikiwa na vijana Kisauni sitaki kusikia askari kapewa ruhusa ya kubeba mtu kwa vile kamjibu makanga vibaya au nywele zake hazikumpendeza, tushaona gari zima likipelekwa stesheni kwa kosa la mtu mmoja.

Nilimuuliza makanga tulipofika, kwa upole, mbona hukumpeleka kituoni? Akanambia mama, nikimpeleka gari yalala pale, mimi na dereva twaandika statement mpaka saa nne, na tajiri mwenye gari ataka hesabu yake ya siku ile ile. Hapo sikua na jibu, manake yuko sawa.

Kwa hivyo wakubwa wa polisi hapa Mombasa waweke utaratibu, gari likileta mtu kituoni statement ya makanga ichukuliwe dakika kumi, abiria wawili walioona waache namba za simu, gari liachiliwe liendelee na safari. Na yule askari wa barabarani akiitwa na abiria apande ndani aangalie. Kiti cha nyuma kwani ni nchi ingine?

Abiria wa kila siku,
Mtwapa